MAONI YETU: Ofisi nne zinatosha Kasindi

Tunaunga mkono soko huru na serikali isiyo na mikono mingi. Imani hiyo hatukuipata vitabuni. Tuliipata hapa Butembo.

Tarehe 30 Novemba 1973 Rais Mobutu alitangaza kwamba mashamba, maduka na biashara za wageni zitakwenda kwa Wazairwa. Waliopewa wengi walikuwa wakubwa wa chama chake na jamaa zao. Waliuza vilivyokuwamo dukani, wakala fedha, na rafu zikabaki tupu. Wafanyabiashara wetu hawakualikwa kwenye mgao ule. Walipakia maharagwe, mboga na kahawa, wakatafuta soko wenyewe, na miaka ilivyokwenda wakafika Dubai, Hong Kong na Guangzhou, kontena zao zikipitia Mombasa. Mtaji ulitoka kwa ndugu na kwenye likelemba, vikundi vya kuchangiana fedha kwa zamu. Mwaka 1989 Askofu Emmanuel Kataliko na watu wa hapa wakaanzisha Chuo Kikuu cha Graben bila kungoja Kinshasa.

Kweli, kahawa nyingi ilivuka kwa magendo. Lakini nani aliyeyaanzisha magendo? Bei ya serikali na thamani ya uongo ya fedha ya zaire zilimnyang'anya mkulima jasho lake. Ng'ambo ya mpaka alilipwa inavyostahili.

Wala matajiri wetu si malaika. Wakati waasi wa RCD-ML walipotawala hapa, waagizaji wakubwa walilipa kodi mapema, wakapunguziwa ushuru. Mdogo akabebeshwa mzigo kamili. Upendeleo wa namna hiyo tunaupinga vilevile, hata anayenufaika akiwa jirani yetu.

Tunachotaka kimeshaandikwa. Amri nambari 036/2002 ya tarehe 28 Machi 2002 inaruhusu huduma nne tu mpakani: forodha, OCC ya ukaguzi wa bidhaa, DGM ya uhamiaji, na huduma ya usafi na afya mipakani. Kila anayepita Kasindi, mpakani na Uganda, anajua meza zimezidi nne. Kila meza ina muhuri, kila muhuri una bei, na mama anayeleta ndoo chache za samaki hana wa kumpigia simu. Akitoka hapo, barabarani anangojwa na kamba za vizuizi na jetoni za kulipia njia. Sasa Uganda inatutengenezea barabara ya Kasindi hadi Beni na Butembo. Ni jambo jema, ila lori halitapata faida ya lami likisimamishwa kila baada ya kilima.

Wapo watakaosema serikali ndogo ndiyo iliyotuua. Hapana. Beni imechinjwa tangu Oktoba 2014 chini ya serikali iliyokuwapo kila mahali penye kodi, isiwepo penye panga. Hali ya dharura ya tarehe 6 Mei 2021 iliweka wanajeshi na polisi kwenye viti vya magavana na mameya, na mauaji hayakukoma. Mkulima wa kakao wa Mbau bado anaogopa shamba lake mwenyewe. Ulinzi na mahakama ndiyo kazi tunayoidai, na kwa kazi hiyo tuko tayari kulipa. Askari aliyeshika kamba barabarani si askari aliye msituni.

Gavana aanze na jambo dogo: majina ya huduma nne na viwango vyake yabandikwe langoni Kasindi, malipo yote yapitie benki, na wengine wote wakunje meza zao.