Taka za Viwanda Zisafishe Maji, Zisiwe Sumu Mpya

Mwaka 1886 dhahabu iligunduliwa Witwatersrand, Afrika Kusini. Kwa zaidi ya miaka mia moja jasho la wafanyakazi Waafrika, wakiwamo waliotoka nchi za jirani, liliwatajirisha mabepari wa migodi. Migodi ilipofungwa na pampu kuzimwa, mashimo yalijaa maji. Mwaka 2002 maji hayo yalibubujika juu ya ardhi karibu na Krugersdorp, yakiwa na asidi kali, chuma, manganizi na urani. Faida ilikwisha kuondoka. Sumu wakaachiwa wananchi.

Nchi hiyo hiyo ina milima ya majivu ya makaa ya mawe kutoka vituo vya umeme. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Western Cape wameonyesha kwamba majivu hayo, yakichanganywa na maji ya migodi, hufanya kazi ya maana. Chokaa iliyomo huvunja ukali wa asidi. Madini yaliyoyeyuka huganda, huzama na kutengwa kama tope. Mitambo ya umma hutumia chokaa ya kununua kwa kazi hiyo hiyo. Dawa ya moto, basi, ni moto.

Hata hivyo, ifahamike kwamba taka haigeuki dawa kwa kutangazwa tu. Majivu yenyewe yaweza kuwa na arseniki na kromiamu, na tope linalobaki limebeba sumu yote iliyotolewa majini. Likitupwa ovyo, mvua itairudisha mtoni. Mwaka 2010, huko Ajka, Hungaria, bwawa la tope jekundu la kiwanda cha alumina lilipasuka na kuua watu 10. Tope la aina hiyo nalo limefanyiwa utafiti wa kusafishia maji.

Kwa hiyo hapana budi mambo matatu yazingatiwe. Kwanza, taka zipimwe na maabara ya umma, si na anayeziuza. Pili, mahali pa kuhifadhi tope pajulikane kabla kazi haijaanza. Tatu, gharama zibebwe na aliyechafua.

Somo hili linaihusu Tanzania pia, yenye migodi ya dhahabu kandokando ya Ziwa Victoria. Ofisa anayeshughulikia kibali cha mgodi aulize leo ni nani atakayeyasafisha maji siku mgodi utakapofungwa. Mwalimu wa kemia naye awafunze vijana kwamba maji maangavu si lazima yawe salama. Umma ulioachiwa mashimo usiachiwe na deni pia.