Heroe wa Natron: Tusidanganywe na Wingi Wao

Ipo hoja inayorudi kila mjadala wa Ziwa Natron unapoibuka, nayo husemwa kwa kujiamini maofisini, na hata katika kumbi za mihadhara hapa Mbeya. Heroe, ndege ambao wengi wetu huwaita flamingo, wako kwa mamilioni. Kiwanda kimoja cha magadi kitawadhuru nini? Nasema hoja hii ni potofu, na hatari yake ni kwamba inavaa joho la hesabu.

Hesabu yenyewe ni hii. Heroe wadogo wa Afrika Mashariki hukadiriwa kuwa kati ya milioni 1.5 na milioni 2.5, takribani robo tatu ya heroe wadogo wote duniani. Kwa kuwa tunawaona Manyara, Nakuru na Bogoria, tunadhani kila wanapokula ndipo wanapozaliana. Sivyo. Katika Afrika Mashariki yote, Natron ndilo ziwa pekee wanakozaliana kwa kawaida. Jike hutaga yai moja tu, juu ya kichuguu cha tope kilichozungukwa na maji makali ya magadi. Ukali huo ndio ukuta unaowazuia fisi na mbweha. Maji yakizidi, viota huzama. Yakipungua mno, adui hupita kwa miguu. Kwa hiyo anayevuruga maji ya Natron havurugi ziwa moja, bali uzazi wa ndege wa maziwa yote.

“Watahamia kwingine,” hujibiwa. Mwaka 1962 walihamia. Natron ilikuwa imefurika, na makundi makubwa yakaenda kuzaliana katika Ziwa Magadi, Kenya. Huko magadi yaliganda kwenye miguu ya vifaranga mfano wa pingu, wengi wakafa, na watu wakalazimika kuingia ziwani kuzivunja pingu hizo kwa mikono. Kwingine kunakosemwa ndiko huko.

Sipuuzi upande wa pili. Magadi ni mali ya taifa. Hutengenezea kioo na sabuni, na vijana wetu wanahitaji ajira. Lakini nani alisema ni lazima yachimbwe chumbani mwa mzazi? Mwaka 2006, Shirika la Maendeleo la Taifa na kampuni ya Tata Chemicals walikuja na mpango wa kuzalisha tani 500,000 kwa mwaka Natron. Upinzani ukawa mkali, na mwaka 2008 kampuni hiyo ikajitoa. Mwaka 2011 serikali ikaufufua mpango. Baadaye macho yakageukia Engaruka, ambako magadi yapo ardhini. Nako kunadai tathmini ya kweli, hasa kuhusu maji ya wananchi. Hata hivyo, Engaruka imethibitisha kwamba hatukuwahi kulazimika kuchagua kati ya ndege na mkate.

Sisi wa Nyanda za Juu Kusini hatuna udhuru wa kutolijua jambo hili. Chura wa Kihansi alitambuliwa na wanasayansi mwaka 1996, akiishi katika manyunyu ya maporomoko ya mto mmoja tu duniani. Bwawa la umeme likachepusha maji, manyunyu yakakatika, na ugonjwa wa ukungu ukamalizia. Mwaka 2000 mamia ya vyura walisafirishwa hadi Marekani ili kizazi kisipotee. Mwaka 2009 chura huyo akatangazwa kutoweka porini. Kuwarudisha korongoni kulianza mwaka 2012, na kazi hiyo imegharimu fedha, mitambo ya kunyunyiza maji na miaka mingi. Vijiweni tuliwacheka vyura waliopanda ndege. Kilichostahili kuchekwa ni mipango yetu, iliyouliza habari za mazalia baada ya zege kukauka.

Wanafunzi wangu wanawajua pengwini wa Antaktika kupitia filamu. Pengine hawajui kwamba mwaka 1991, mjini Madrid, mataifa yalisaini itifaki inayopiga marufuku uchimbaji wa madini katika bara hilo zima. Hawakungoja kila kampuni ilete ombi lake ndipo wabishane. Walifunga mlango kwanza.

Sisi mlango wetu tumeurudishia tu. Natron imo katika orodha ya Mkataba wa Ramsar tangu mwaka 2001, lakini kuorodheshwa si marufuku. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inadai tathmini ya athari, lakini tathmini hufanywa mradi kwa mradi. Mwekezaji akishindwa leo, kesho atakuja mwingine, na wananchi wataanza upya kutetea kilekile. Ulinzi unaotegemea nani amechoka kwanza si ulinzi.

Ninachodai ni marufuku ya kisheria, ya kudumu, dhidi ya uchimbaji wa kiwanda ndani ya ziwa na uchepushaji wa mito inayolilisha. Pamoja na makubaliano na Kenya juu ya Ewaso Ng'iro ya Kusini, inayotokea kwao.

Nawe mtumishi wa umma, faili la Natron likifika tena mezani kwako, usianze kwa kuuliza ndege wako wangapi. Uliza wanazaliana wapi, na kama pako pengine. Kisha andika jibu hilo kwenye dokezo, kwa jina lako.