Mnamponda Mwanadada wa Watu kwa Dili Lililoyeyuka, Laptop Je?

Wiki nzima mitandaoni hakuna amani. Staa mmoja wa kike wa filamu za Bongo, yule wa tabasamu lake na wafuasi kibao, amekosa dili la ubalozi wa vipodozi, na dili hilo hilo limeangukia mikononi mwa hasimu wake wa siku nyingi. Basi watu wamepata pa kupumulia. "Hajui hata kujaza fomu." "Kiingereza kimemchenga." "Meneja wake kaishia darasa la ngapi?" Kila mwenye bando katoa povu lake.

Ngoja kwanza. Kabla hujamaliza kucheka, sikia kilichotokea.

Mwanadada na meneja wake wana laptop moja ya kazi. Ijumaa usiku ikaleta ujumbe wa apdeti, meneja akakubali kama anavyokubali kila mtu, akaenda zake kulala. Jumatatu asubuhi ikaingia imeili ya kampuni, ndani yake kiambatanisho kimoja cha PDF: fomu ya mkataba. Ijazwe na irudishwe kabla ya Jumatano saa sita mchana. Meneja akaibonyeza. Badala ya fomu, ukafunguka ukurasa mmoja mweupe wenye maandishi ya Kiingereza yanayomwambia asubiri. Akasubiri. Akazima, akawasha. Akadhani mtandao unasumbua, akanunua bando jingine. Jumanne hivyo hivyo. Jumatano saa nane akapiga simu, akajibiwa, "Pole sana kaka, tumeshaendelea na mwingine."

Huo ndio ubuyu wote. Hakuna aliyechengwa na Kiingereza. Kiliandikwa subiri, naye akasubiri.

Tatizo liko hivi. Zipo fomu za PDF zilizotengenezwa kwa mtindo unaoitwa XFA. Ukizifungua kwa programu ya Adobe zinafunguka na kujazika. Ukizifungua kwa vivinjari vingi, yaani zile programu za kuingilia intaneti, unachoona ni ule ukurasa wa kusubiri, na hata ukikaa mwaka mzima hautabadilika. Kabla ya Ijumaa, laptop ile ilikuwa inafungua PDF kwa Adobe. Baada ya apdeti, kazi ikahamishiwa kwa kivinjari. Hakuna aliyeulizwa, hakuna aliyeambiwa. Mwenye laptop amelala, ndani ya laptop watu wamehamisha funguo.

Sasa hapo mjinga ni nani? Aliyelala au aliyehamisha funguo?

Wapo watakaosema hizi ni ngonjera za kumtetea staa. Haya, tuache staa pembeni, twende kwenye mambo yaliyo wazi duniani.

Mwaka 2013 Umoja wa Ulaya uliipiga Microsoft faini ya euro milioni 561. Kosa lake? Ilikuwa imeahidi kuwaonyesha watu wa Ulaya ukurasa wa kuchagua kivinjari wanachokitaka. Ikaja apdeti ya Windows 7, ile Service Pack 1, na ukurasa ule ukapotea kuanzia Mei 2011 hadi Julai 2012. Watumiaji kama milioni 15 hawakuuona. Kampuni yenyewe ikakiri, ikasema ni hitilafu ya kiufundi. Hitilafu ya miezi zaidi ya kumi, na hakuna aliyeiita kampuni ile mshamba.

Twende 2015. Windows 10 ilitoka tarehe 29 Julai. Kesho yake tu, Chris Beard, aliyekuwa bosi wa Mozilla, wale wa Firefox, alimwandikia barua ya wazi Satya Nadella, bosi wa Microsoft, akilalamika kwamba anayehamia mfumo mpya anakuta chaguo lake la zamani limefutwa na kubandikwa la kampuni. Na walioutumia mfumo ule wanaukumbuka ule ujumbe mdogo wa pembeni, kwamba mpangilio wa kufungua PDF umepata tatizo, hivyo umerudishwa kwa Edge. Kila ukirekebisha, baada ya muda unarudi tena.

Ikaja Windows 11 mwaka 2021, mambo yakawa magumu zaidi. Kubadilisha kivinjari kulitaka uguse kila aina ya faili na kila aina ya kiungo, moja baada ya nyingine. Watu wakapiga kelele, na mwaka 2022 kikaletwa kitufe cha kurahisisha.

Timu iPhone nao wasijimwambafai. iOS 14 ya mwaka 2020 ndiyo iliyoruhusu kwa mara ya kwanza kuchagua programu nyingine ya imeili au kivinjari kiwe ndicho cha kudumu. Watu wakashangilia. Ukizima simu na kuiwasha, chaguo lako limefutika, umerudishiwa ya Apple. Ikabidi itoke apdeti nyingine ndani ya siku chache kurekebisha.

Kwa hiyo hadithi ya mwanadada si ya Kariakoo wala Sinza. Tofauti ni moja: Ulaya ikitokea, kampuni inalipa faini. Hapa mjini ikitokea, anayelipa ni msanii, na juu yake anaongezewa matusi.

Watetezi wa kampuni wana hoja yao, na isipuuzwe. Wanasema kivinjari kinapata apdeti mara kwa mara, kina ulinzi, kwa hiyo kufungua faili ngeni humo ni salama kuliko kulifungua kwa programu kuukuu ambayo mtu hajaigusa miaka minne. Ni kweli kabisa. Programu inayofungua faili si jambo la mchezo. Mei 2000 dunia nzima ililizwa na kirusi cha ILOVEYOU kilichoanzia Ufilipino. Kilikuja kwenye imeili kama barua ya mapenzi, jina la faili likiishia na TXT, kumbe nyuma yake kuna herufi nyingine, VBS, ambazo Windows ilizificha. Mtu akibonyeza anadhani anasoma maneno matamu, kumbe kompyuta inalikabidhi faili kwa programu inayoendesha amri. Mamilioni ya kompyuta yakaumia.

Lakini hoja hiyo hiyo inawageuka wenyewe. Kama programu inayofungua kiambatanisho ina uzito wote huo, basi mwenye kompyuta ndiye wa kwanza kuulizwa. Mlinzi mwema akitaka kubadilisha kitasa cha nyumba yako, anakugongea mlango. Habadilishi usiku halafu asubuhi ukajikuta uko nje, unachekwa na majirani.

Na kampuni ya vipodozi nayo isijifiche. Unatuma fomu ambayo haifunguki kwenye simu wala kwenye vivinjari vingi, unatoa siku mbili, halafu unakaa kimya? Ujumbe mmoja wa WhatsApp, "kaka, fomu imefunguka?", ungeokoa kila kitu. Kampuni inayotaka sura ya msanii kwenye mabango yake inashindwaje kumtumia faili la kawaida?

Meneja naye asipambwe. Siku mbili unaangalia ukurasa mweupe bila kupiga simu, hiyo si subira, huo ni uzembe. Simu ya dakika mbili Jumatatu ingetosha. Lakini uzembe wa kutopiga simu ni jambo moja, na kuitwa mbumbumbu ni jingine. Hao wanaomcheka, waulizwe leo PDF inafunguliwa na programu gani kwenye simu zao, wengi watabaki kutoa macho. Wanaijua ikifunguka tu. Ikigoma, mbio kwa fundi, na fundi naye anakwambia laptop inataka kupigwa Windows upya, lete hela.

Hela hiyo kaa nayo. Kazi yenyewe ni ya dakika moja.

Kwenye Windows, usiifungue faili ndani ya imeili. Ipakue kwanza. Bonyeza faili kwa kitufe cha kulia cha mausi, nenda "Open with", kisha "Choose another app", chagua programu unayoitaka, halafu bonyeza "Always". Matoleo ya nyuma kidogo yana kisanduku cha kuweka tiki badala ya kitufe hicho. Kwenye Mac, ligonge faili mara moja, bonyeza Command na I, chagua programu chini ya "Open with", kisha "Change All". Kwenye Android, nenda kwenye mipangilio, sehemu ya programu, ingia kwenye ile iliyojimilikisha mafaili yako, tafuta "Open by default", ufute chaguo lake. Ukifungua faili tena simu itakuuliza, na hapo ndipo unapochagua wewe.

Na kila baada ya apdeti, jenga tabia: fungua PDF moja, fungua faili moja la Word, fungua picha moja. Ukiona alama ya faili imebadilika sura, ujue kuna mtu kahamisha funguo. Ukikutana na ukurasa unaokwambia subiri na dakika tano zimepita, usisubiri. Jaribu programu nyingine, na umpigie aliyekutumia.

Ila kujua kurekebisha kusiwape kampuni msamaha. Mtu akiibiwa mara kumi akajifunza kufunga komeo, mwizi hageuki kuwa mwalimu. Zinazotengeneza mifumo hii zina uwezo wa kuweka swali moja tu baada ya apdeti: umekuwa ukifungua mafaili haya kwa programu hii, uendelee nayo? Ndiyo au hapana. Zinajua kukuuliza kama unataka kununua nafasi ya kuhifadhi picha. Zinashindwaje kuuliza hili?

Mwanadada kakosa mkwanja, na hasimu wake anapost picha za vipodozi kila siku. Hayo yameshapita, riziki haina mwenyewe. Lakini kesho atakuwa kijana anayesubiri barua ya usaili, au mwanafunzi mwenye fomu ya mkopo, au mama ntilie aliyetumiwa oda ya kulisha watu mia kwenye semina. Nao wataambiwa wasubiri, na watasubiri.

Haya wadau, kabla ya kurudi kule kumponda, fungua PDF moja kwenye simu yako sasa hivi. Imefunguliwa na programu uliyoichagua wewe, au uliyochaguliwa? Jibu lako liache hapo chini.