Tunasahihisha Kazi ya Nani?

Ndugu walimu, hapa Dadamu tuliombwa kuwa waamuzi wa picha zilizoletwa na wasikilizaji wa podikasti moja ya masomo ya Kiswahili. Sharti lilikuwa moja: sikiliza hadithi ya mwanamke aendaye kisimani alfajiri, kisha uichore. Nyingi zilichorwa kwa makaa au kwa kalamu ya wino; chache zilitungwa na akili mnemba. Baadhi ya waamuzi wenzetu walitaka moja ya hizo ipewe tuzo ya kwanza kwa kuwa, ati, inang'aa. Sisi tulikataa, na hata leo tungali tunakataa.

Hebu tuitazame. Nyuma ya mwanamke kuna mlima wenye theluji kileleni. Mlima gani huo? Wati hauna theluji, wala Liru hauna. Ghala la mtama limetiwa dirisha la vioo. Na mtungi umekaa juu ya kichwa kitupu, bila ngata. Ilhali neno ngata ndilo lililokuwa somo la wiki ile! Mletaji mwenyewe alitueleza, wala hakuficha, kwamba mashine aliiagiza kwa Kiingereza. Sasa hapo Kiswahili kilisikilizwa na nani?

Kijana mmoja alileta mchoro wa makaa. Mkono wa mwanamke umetoka mrefu kuliko mguu, twakubali. Lakini ngata ipo, ya majani makavu ya mgomba, imepinda kidogo upande wa kushoto. Huyu alisikia, akaelewa. Mwalimu anataka ushahidi gani zaidi?

Tutaambiwa kwamba ulimwengu umekwisha kuamua. La hasha! Ni kweli, mwaka 2022 huko Colorado, Marekani, Jason Allen alipata tuzo ya kwanza ya sanaa ya dijitali kwa picha iliyotungwa kwa Midjourney. Lakini mwaka 2023 Mjerumani Boris Eldagsen aliikataa tuzo aliyopewa katika Sony World Photography Awards, akisema kuwa picha ya akili mnemba na fotografia ni vitu viwili, visishindanishwe.

Sisi si maadui wa mashine. Mwalimu asiye na picha za kubandika ukutani na aitumie, mradi aondoe theluji. Lakini Baraza la Mawaziri la Uganda liliamua mwaka 2022 kwamba Kiswahili kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na za sekondari. Na huku kwetu West Nile, ambako kwa miaka mingi kiliitwa lugha ya askari, vijana ndio kwanza wanakizoea. Tukiwatuza kwa kutokusikiliza, tutawafundisha nini?

Kura zilipopigwa tulishindwa kwa kura moja. Safari ijayo tutadai kila mleta picha aieleze kwa Kiswahili, kwa kinywa chake, dakika moja tu. Yule kijana wa makaa tumekwisha kumnunulia kisanduku cha rangi.