Kikohozi cha Machimboni: Tusiseme "Ni Bangi Tu"

Kijana mmoja mchimbaji alifika kwetu akikohoa. Tulipomwuliza kama anavuta kitu, alijibu kwa ukweli kwamba anavuta bangi, misokoto miwili au mitatu kwa siku, kabla ya kuingia duarani na baada ya kutoka. Mmoja wetu akamkaripia mbele ya watu. Alipewa dawa ya kikohozi, akaambiwa aache bangi, akaenda zake. Makohozi yake hayakupimwa. Baada ya miezi minne wenzake walimrudisha kwa pikipiki, amekonda, anatema damu. Kilikuwa kifua kikuu. Miezi yote hiyo alikuwa akilala chini ya turubai moja na wenzake watano.

Kosa lile lilikuwa letu, si la bangi peke yake.

Huku kwetu, kuanzia Kahama na Kakola hadi Nyarugusu, Rwamagasa na Mgusu, mchimbaji anayekohoa hukuta maelezo yamekwisha kuandaliwa. Mama nyumbani anasema, "Ni bangi tu hiyo." Mwenyewe anasema, "Ni vumbi tu." Kila mmoja ana kipande cha ukweli, na ndiyo maana hakuna anayekwenda kupimwa.

Kwanza bangi yenyewe. Vijana hutuambia kwamba ni jani la asili, halina ubaya wa sigara. Moshi ni moshi. Mwaka 1988 watafiti wa Los Angeles, Marekani, walitoa matokeo ya vipimo vyao: mvutaji wa bangi aliingiza kifuani lami mara tatu ya ile ya sigara, na hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksaidi iliongezeka katika damu yake karibu mara tano zaidi. Sababu ni uvutaji wenyewe. Msokoto hauna kichujio, moshi huvutwa kwa nguvu hadi ndani kabisa, kisha hubanwa kifuani. Afanyaye hivyo kwa miaka hupata mkamba sugu: kikohozi cha kila siku, makohozi mengi asubuhi, na kifua kinachotoa mluzi. Kuhusu saratani ya mapafu, uchunguzi uliofanywa juu ya bangi haujatoa jibu moja, kwa hiyo hatumtishi mtu kwa hilo. Vijana wetu wakikugundua umetia chumvi mara moja, hawakusikilizi tena.

Sasa ongeza vumbi. Ndani ya njia za hewa mna vinyweleo vidogo sana vinavyofagia uchafu kuutoa nje. Moshi huviharibu. Mchimbaji mvutaji basi anaingia duarani na ufagio uliovunjika. Na vumbi la mwamba wa dhahabu si kama vumbi la barabarani. Lina silika, chembe ndogo mno ambazo hukaa mapafuni na kuacha makovu yasiyofutika. Mwaka 2015 yalichapishwa matokeo ya vipimo vya hewa kwa wachimbaji wadogo wa dhahabu wa Tanzania. Kwa wanaotoboa mwamba chini ya ardhi, silika ilizidi kiwango kinachopendekezwa kwa zaidi ya mara 300. Hata juu, penye kusaga mawe, ilizidi mara 4. Mapafu yenye makovu hayo ni shamba lililokwisha limwa kwa ajili ya kifua kikuu.

Halafu kuna kile kijiwe. Msokoto hupita mkono kwa mkono, watu wameinamiana, mara nyingi ndani ya kibanda kilichofungwa ili harufu isitoke. Mmoja akiwa na kifua kikuu, wote wanavuta pumzi yake. Huko Seattle, Marekani, mwaka 2004, vijana waliovuta bangi pamoja ndani ya magari yaliyofungwa vioo waliambukizana kwa njia hiyo. Turubai letu halitofautiani sana na gari lile.

Tunajua kwamba bangi ni kosa kisheria, na hatuombi ihalalishwe. Lakini kazi ya muuguzi si ya polisi. Tunapomwuliza mgonjwa anavuta nini, tunataka kujua kifua chake kimepitia nini. Akiona uso wa hakimu, ataficha, au hatarudi kabisa, kama yule wetu. Kwa maoni yetu, zahanati iliyo karibu na machimbo inayomfukuza mvutaji kwa maneno makali inasambaza kifua kikuu.

Kwa hiyo, ewe mchimbaji, ukikohoa wiki mbili, au ukitoka jasho usiku na kupungua mwili, usingoje. Sema unafanya kazi gani na unavuta nini. Makohozi yapimwe. Dawa za kifua kikuu hutolewa bure, na kwa kawaida humezwa miezi sita. Makovu ya silika hatuwezi kuyaondoa. Kikohozi cha bangi hupungua kwa wengi wakiacha. Palipo na nafuu ya kupata, ichukue. Maji yamwagwe kabla ya kutoboa, maana kitambaa puani hakizuii chembe zile.

Kijana wetu alimaliza dozi, lakini kupanda mlima bado kunamshinda. Kati ya wale watano wa turubai tuliwapata watatu tu. Wawili walikuwa wamehamia machimbo mengine, na hakuna aliyejua ni yapi.