Ubaya wa Mtawala Si Ruhusa ya Kuvamia Nchi

Muhula huu Chama chetu cha Mdahalo kilijadili hoja isemayo kwamba majeshi ya kigeni yalifanya haki kuingia Iraki mwaka 2003. Bwalo lilijaa hata wengine wakasikiliza kwa madirishani. Mimi nilipangiwa upande wa kutetea hoja, na kura zilipohesabiwa upande wetu ukashinda. Makofi niliyopigiwa sikupata kupigiwa tangu nilipoingia shule hii. Lakini tangu usiku ule moyo wangu haukutulia, kwa kuwa najua nilishinda kwa njia gani. Nilisimulia ukatili wa Saddam Hussein mpaka watu wakainamisha vichwa, kisha nikauliza, "Je, mtu kama huyu aachwe?" Bwalo zima likajibu, "Asiachwe!" Basi hoja ikapita. Leo nataka kuwaeleza wasomaji wa jarida letu kwa nini naona haikustahili kupita.

Kwanza nisifahamike vibaya. Niliyoyasema juu ya Saddam yalikuwa kweli. Mwaka 1980 aliishambulia Irani, na vita vile vikadumu miaka 8. Mwezi wa Machi 1988 majeshi yake yalitupa gesi ya sumu katika mji wa Halabja, wakafa Wakurdi wapatao 5,000, na wengi wao walikuwa wanawake na watoto. Tarehe 2 Agosti 1990 aliivamia Kuwait, akaitangaza kuwa mkoa wa 19 wa Iraki. Hapana haja ya kumtetea mtu wa namna hiyo.

Lakini hapa pana maswali mawili, nami niliyafunga pamoja kama kuni za mzigo mmoja. Swali la kwanza ni hili: je, mtawala huyu ni mwovu? La pili: ni nani mwenye haki ya kumwondoa, kwa sababu gani, na kwa idhini ya nani? Jibu la swali la kwanza halijibu la pili. Jirani yangu akiwa mlevi apigaye watoto wake, mimi siwi na ruhusa ya kuvunja mlango wake usiku na kuitawala nyumba yake. Kuna wazee, kuna balozi wa nyumba kumi, kuna polisi. Nikiwapita hao wote, hata nikisema nimekwenda kuokoa watoto, kijiji kizima kitaanza kufunga milango kwa kuniogopa mimi.

Tena tukumbuke ya kwamba sababu iliyotolewa kwanza haikuwa ukatili wa Saddam, bali silaha. Tarehe 5 Februari 2003 Bwana Colin Powell, Waziri wa Mambo ya Nje wa Marekani, aliliambia Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa kwamba Iraki inaficha silaha za maangamizi. Wakaguzi wa Umoja wa Mataifa, wakiongozwa na Bwana Hans Blix, walikuwamo Iraki wakitafuta, nao walitaka muda zaidi. Hawakupewa. Marekani, Uingereza na Hispania zilitaka azimio jipya la Baraza, lakini zilipoona halitapita zikaliondoa tarehe 17 Machi. Siku tatu baadaye vita vikaanza. Nchi ilipotekwa, silaha zilitafutwa kila mahali, wala hazikuonekana.

Isidhaniwe kwamba waliopinga walikuwa maadui wa Marekani na Uingereza tu. Bwana Robin Cook, aliyekuwa waziri katika serikali ya Uingereza yenyewe, alijiuzulu kabla ya vita kuanza. Tarehe 15 Februari 2003 watu wengi mno waliandamana London, Rome na miji mingine mingi ya dunia. Na mwaka 2016 tume ya uchunguzi ya Uingereza, iliyoongozwa na Sir John Chilcot, ilisema kwamba wakati ule vita havikuwa njia ya mwisho iliyobaki.

Sasa nije kwenye jambo lililotuchanganya sana katika mdahalo. Msemaji mmoja wa upande wa pili alisema, "Waarabu wote walipinga." Upande wetu ukajibu, "Mbona Kuwait iliwafungulia mlango?" Sisi sote tulikosea, maana tulizungumza kana kwamba Waarabu ni mtu mmoja mwenye kinywa kimoja. Haikuwa hivyo.

Tarehe 1 Machi 2003 wakuu wa nchi za Kiarabu walikutana Sharm el-Sheikh, Misri. Kwa maneno walikataa Iraki isishambuliwe. Sheikh Zayed wa Falme za Kiarabu alileta shauri kwamba Saddam ajiuzulu na kuondoka nchini ili vita viepukwe, mkutano haukulishika. Kanali Gaddafi wa Libya na Mwanamfalme Abdullah wa Saudia walitupiana maneno makali mbele ya televisheni, dunia nzima ikitazama. Tarehe 24 Machi, vita vikiwa vimekwisha kuanza, mawaziri wa nchi za Kiarabu walikutana Cairo wakataka majeshi ya kigeni yaondoke mara moja. Kuwait peke yake haikukubaliana na azimio lile, na kisa chake kinajulikana: nchi iliyokwisha kuonja uvamizi wa Saddam haikuwa na machozi ya kumlilia.

Lakini tazameni matendo. Majeshi ya nchi kavu yaliingia Iraki kutoka Kuwait. Makao ya kuendeshea vita yalikuwa Qatar. Manowari za Marekani zilikuwa na makao Bahrain. Meli za vita zilipita katika Mfereji wa Suez, na serikali ya Misri ilisema imefungwa na mkataba wa mwaka 1888. Wakati huohuo maelfu ya watu wa Cairo walijaa katika uwanja wa Tahrir kupinga vita, wakapambana na polisi wa nchi yao wenyewe. Kwa hiyo palikuwa na sauti tatu: ile iliyosomwa katika maazimio, ile ya mikataba na kambi za askari, na ile ya barabarani. Anayesema "Waarabu walisema hivi" hana budi kutuambia ni sauti ipi aliyoisikia.

Na mtu asidhani kwamba serikali zile hupinga kila jeshi la kigeni kwa tabia tu. Saddam alipoivamia Kuwait, wakuu wa Kiarabu walikutana Cairo tarehe 10 Agosti 1990, na nchi 12 kati ya 21 zikakubali kupeleka majeshi kumzuia. Misri na Syria zilipeleka askari. Jordan na Yemen hazikuunga mkono. Mwezi wa Novemba Baraza la Usalama likatoa idhini kwa kura 12, Yemen na Cuba zikipinga. Ndipo Kuwait ikakombolewa Februari 1991. Nchi iliyovamiwa iliomba msaada, Baraza likakubali, na mpaka ukarudishwa ulipokuwa. Mwaka 2003 hapakuwa na hata moja katika mambo hayo matatu.

Najua swali litakalofuata, kwa sababu rafiki yangu wa bwenini aliniuliza usiku uleule: "Na sisi Watanzania je? Hatukuingia Uganda tukamwondoa Idi Amin?" Swali hili ni zuri, na mtu mwaminifu halikimbii. Babu zetu wengi walipigana vita vile, na wengine hawakurudi. Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Amin yaliingia Kagera, wakaua watu na kupora ng'ombe, na tarehe 1 Novemba akatangaza kuwa sehemu ile imekuwa ya Uganda. Hapa sisi tulikuwa Kuwait, hatukuwa Marekani. Tulikuwa na haki ya kumtoa mvamizi.

Lakini majeshi yetu hayakuishia mpakani. Pamoja na Waganda waliokuwa uhamishoni yaliendelea hadi Kampala, mji ukatekwa tarehe 11 Aprili 1979. Gaddafi alikuwa amepeleka askari wa Libya kumsaidia Amin. Na katika mkutano wa wakuu wa Afrika uliofanyika Monrovia mwaka ule, Rais Nimeiry wa Sudan na Jenerali Obasanjo wa Nigeria waliilaumu Tanzania waziwazi. Mimi naamini Tanzania ilikuwa na sababu ambayo wavamizi wa Iraki hawakuwa nayo, kwani ilishambuliwa kwanza. Hata hivyo sioni vibaya kwamba tuliulizwa. Nchi inayovuka mpaka kwa silaha yafaa iulizwe, hata ikiwa ni nchi yangu. Na Uganda nayo haikupata amani kwa kuanguka kwa Amin tu. Ilipita miaka mingine ya damu.

Iraki ilipita katika hayo kwa kipimo kikubwa zaidi. Baghdad ilipoanguka tarehe 9 Aprili 2003, jumba la makumbusho ya taifa liliporwa maelfu ya vitu vya kale. Mwezi wa Mei jeshi la Iraki lilivunjwa, na wanaume wengi wenye mafunzo ya vita wakabaki bila mshahara. Raia zaidi ya laki moja waliuawa katika miaka iliyofuata. Mwaka 2014 mji wa Mosul ulitekwa na kundi ambalo kabla ya uvamizi halikuwa na nafasi pale. Rais Mubarak wa Misri alikuwa ameonya vita vilipoanza kwamba vitazaa akina Bin Laden mia moja. Yeye mwenyewe hakuwa mtawala mpole, lakini katika hilo hakukosea.

Ndugu wasomaji, wadogo kwa wakubwa, nina ombi moja kwa Chama chetu. Tunapojadili vita, kila msemaji aeleze kwanza kanuni anayoishika, kisha aipime kwa nchi anayoichukia na kwa nchi yake mwenyewe. Kanuni isiyoweza kusimama Baghdad, Kuwait na Kampala kwa pamoja si kanuni, ni ushabiki. Kama ningetakiwa kufanya hivyo jioni ile, nisingepata makofi yale.

Nimekwisha kumwomba Mwenyekiti hoja hii irudishwe muhula ujao, nami nipewe nafasi upande wa kupinga. Wenzangu waliopiga kura kwa ajili ya maneno yangu nawaomba wafike.

Mwanafunzi wa Kidato cha Sita