Jiografia Haisomwi kwa Madesa

Msimu wa UE ukikaribia, madesa ya jiografia husambaa mabwenini kama njugu. Sababu sita za mmomonyoko, faida saba za mabwawa. Mtu anameza, anatapika kwenye karatasi, anasahau. Mimi nasema wazi: hiyo si jiografia, na somo hili halikuanza hivyo katika vyuo vyetu.

Turudi Mlimani. Idara ya Jiografia ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilikua miaka ya 1960, wakati nchi changa ilitaka kujua ina ardhi gani na maji kiasi gani. Mwaka 1967 kikaanzishwa hapo kitengo cha utafiti wa rasilimali na mipango ya ardhi, BRALUP, ambacho mwaka 1983 kikawa Taasisi ya Tathmini ya Rasilimali. Wanajiografia wa Mlimani, pamoja na wenzao wa Uppsala, Sweden, walipima matope yaliyokuwa yakijaza mabwawa ya Dodoma, likiwemo la Ikowa. Februari 1970 mvua kubwa ilipiga Mgeta, kwenye Milima ya Uluguru, na ardhi ikaporomoka sehemu nyingi mno. Walipanda kuhesabu. Wakakuta karibu maporomoko yote yalianzia mashambani na malishoni. Ya msituni yalikuwa ya kuhesabu kwa vidole. Leo kila desa linasema miti inashika udongo. Sentensi hiyo fupi wenzetu waliitolea jasho.

Sasa njoo kwetu Iringa. Ukitoka mjini kwenda Tosamaganga, unapita bonde la Ruaha Mdogo, mto ambao maji yake huishia bwawa la Mtera. Kwenye mabonde ya mkoa huu kuna vinyungu, bustani za kiangazi zinazowapa watu mboga na mahindi mabichi wakati mashamba ya juu yamekauka. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kibinadamu za kudumu, au zinazoweza kudhuru hifadhi ya mto, ndani ya mita 60 kutoka kwenye mto. Kiongozi anasema vinyungu vinakausha mito. Mkulima anasema babu yake alilima hapohapo na maji yalikuwepo. Nani mkweli? Sisi tunaosomea kitu hichohicho tunashika upande kwa hisia tu.

Mtu atasema kupima ni kazi ya Bodi ya Maji Bonde la Rufiji, na ofisi yake iko hapahapa Iringa. Sawa. Lakini kipimo cha mto mkubwa hakikuambii kijito kipi kimepungua, wala bonde lipi limelimwa na lipi limeachwa.

Mwingine atasema fildi inahitaji bajeti. Kwa safari ya wiki nzima, kweli. Kwa kijito, hapana. Unahitaji futi kamba, kijiti kinachoelea na saa ya simu. Pima upana, pima kina sehemu kadhaa upate wastani, angalia kijiti kinatumia sekunde ngapi kwenda mita kumi. Zidisha upana, kina na mwendo, kisha punguza kidogo, maana maji ya juu hukimbia kuliko ya chini. Nauli ya daladala haimalizi bumu la mtu.

Pendekezo langu ni hili. Serikali ya wanafunzi iupeleke kwa uongozi wa chuo utaratibu mmoja: kila Novemba, kabla mvua hazijakolea, mwaka wa kwanza wa jiografia wapime vijito vilevile karibu na Tosamaganga, vyenye vinyungu na visivyo navyo. Namba ziandikwe kwenye daftari moja linalobaki idarani, na nakala ipelekwe serikali ya kijiji. Kipimo cha mwaka mmoja hakisemi kitu. Vya miaka kumi vitasema.

Huenda vikawalaumu wakulima, huenda vikawatetea. Vyovyote itakavyokuwa, anayeambiwa aache kinyungu chake ana haki ya kuonyeshwa namba. Na sisi tuna miguu ya kwenda kuzitafuta.